Kimeo si ugonjwa

"Mtoto akikohoa sana, akatwe kimeo." Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Lamu. Kimeo, au kilimi, ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, na kila mtu anacho. Simama mbele ya kioo, panua mdomo, sema "aaa": utakiona kikipanda. Ukimeza, huinuka pamoja na kaakaa laini ili chakula kisipande puani. Tatizo ni kwamba watu husema "ana kimeo" kana kwamba ni maradhi. Koo likivimba nacho huvimba, basi kinasingiziwa. Kikohozi cha mafua hupoa chenyewe, sifa akapewa mkataji! Wembe huweza kuleta damu nyingi, hata pepopunda. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo; kikohozi kikizidi wiki 2, mpeleke mtoto hospitali.