Benzi la zamani: maneno ya kijiweni na yaliyoko chini ya gari

Toa Mercedes ya mwaka 1978 uani, fungua boneti, kisha keti usubiri. Chai haijapoa watakuwa wamefika watu sita, kila mmoja na ushauri wake, na wote sita wameinamia injini. Hakuna atakayejilaza chini aitazame sakafu. Nami nilikuwa wa kundi hilo siku niliponunua Benzi 280SE lililokuwa limelala miaka 11 chini ya mwembe huko Upanga, Dar es Salaam. Ufundi wangu wakati huo uliishia kwenye kubadilisha tairi na kusafisha plagi.

Gari lenyewe ni lile refu, bodi namba W116, lililotengenezwa kati ya 1972 na 1980. Ndilo la kwanza ambalo kampuni iliita rasmi S-Klasse, na toleo lake la 450SE lilishinda Gari la Mwaka barani Ulaya mwaka 1974. Huku kwetu halikuhitaji tuzo. Lilitoka kwenye ukoo uleule wa magari uliotupa neno “wabenzi”, na mtoto wa mtaani alijua anayeshuka kiti cha nyuma ni nani hata kama hajui jina lake. Ndiyo maana kila mtu ana la kusema juu yake. Mengi niliyoambiwa yalikuwa ya upendo. Machache yalikuwa ya kweli.

“Injini ikiwaka, nusu ya kazi imekwisha”

Kinyume chake. Injini ndiyo sehemu ya gari hili isiyopaswa kukunyima usingizi. Ni ya silinda sita, sentimita za ujazo 2,746, inaitwa M110, na haikukaa kwenye W116 peke yake: utaikuta kwenye 280E za W123, kwenye 280SE za W126 zilizofuata, hata kwenye jeep ya 280GE. Fundi anayeijua yupo, gasketi zake zipo, na ikishindikana kabisa unatafuta nyingine unaipachika.

Bodi hulipachiki. W116 haina chesisi ya kujitegemea kama lori. Sakafu, nguzo na mbavu za chini ya milango zimechomelewa pamoja, na hizo ndizo zinazobeba kila kitu. Zikiliwa na kutu, unachokiita gari ni mabati yaliyozoeana. Kwa mji wa pwani, ambako upepo wenyewe una chumvi, hili ndilo swali la kwanza na karibu la mwisho.

Siku ya kwanza ya kazi niliingiza jeki kwenye tundu lake chini ya mlango, kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Jeki ilipanda. Gari halikupanda. Nilisikia mlio kama wa mtu anayekanyaga makopo ya biskuti, na jeki ikaendelea kuingia ndani ya mbavu polepole, hadi ikagusa mlango kwa chini. Kwa nje rangi ilikuwa inang’aa.

Kabla ya kutoa pesa, basi, beba sumaku ndogo iliyofungwa kwenye leso ili isikwaruze rangi. Ipitishe kwenye kona za chini za kioo cha nyuma, kwenye matao ya magurudumu, na kuzunguka matundu yote manne ya jeki. Pale isiposhika, chini ya rangi kuna fila (plasta ya kuziba mashimo), si chuma. Inua kapeti uone sakafu. Kisha fungua boneti, sasa ndiyo ruksa, lakini usitazame injini. Toa betri uone sahani yake, maana asidi hula taratibu. Tazama mifereji ya maji iliyo nyuma kabisa, karibu na waipa. Mwembe wangu ulikuwa umeijaza majani yaliyooza, na maji ya masika 11 yalikuwa yamepata njia nyingine ya kushuka.

“Limelala tu. Lete betri na petroli”

“Bosi, hii Benzi, haifi,” fundi wa kwanza aliniambia, mkono tayari uko kwenye waya za betri. Nikamzuia, si kwa hekima, bali kwa sababu betri ya kuazima ilikuwa haijafika.

Petroli iliyokaa miaka huoza. Inabaki gundi ya kahawia inayonuka kama vanishi, na gundi hiyo ndiyo adui wa K-Jetronic, mfumo wa Bosch wa kunyunyizia petroli uliofungwa kwenye 280SE kuanzia 1976. Mfumo huu hauna kompyuta. Hewa inayovutwa na injini inanyanyua kisahani, kisahani kinasukuma kijiti cha chuma ndani ya kigawanyio, na petroli inakwenda kwenye noseli zote sita mfululizo bila kukatika. Ni werevu wa ajabu, ila kijiti hicho kimechongwa kikabanana sana na tundu lake. Ukisukuma gundi ya tangi humo, umenunua kigawanyio kingine.

Tulichofanya baadaye: kumwaga tangi lote, kubadilisha chujio, kupuliza mabomba ya petroli, na kuweka mafuta ya injini vijiko viwili kwenye kila silinda kupitia tundu la plagi. Tukayaacha yalale usiku mzima. Asubuhi tukazungusha injini kwa spana, kwa mkono, duara mbili. Mkono unahisi kitu kilichokwama. Stata haihisi, inavunja.

“Lifumue lote kwanza, ndipo utajua lina nini”

Hili ndilo limeua magari mengi kuliko kutu. Mtu ana shauku, ana wikendi, ana seti mpya ya spana. Jumapili jioni milango iko chini, viti vimetoka, dashibodi iko sebuleni. Miezi sita baadaye anauza “mradi uliofikia asilimia 70”, na mnunuzi anakuja na kirikuu kubeba maboksi.

Mimi niliponea kwenye mlango mmoja. Mlango wa dereva niliufungua kwa saa nne. Kuufunga kulichukua siku tisa. Sikujua kwamba kwenye W116 kufuli za milango zote hazivutwi na umeme bali na hewa: injini inanyonya, tangi dogo linahifadhi mnyonyo huo, na vijibomba vyembamba vya plastiki vyenye mistari ya rangi vinaupeleka kila mlango na buti. Nilivichomoa vyote kwa mpigo kama mtu anayenyonyoa kuku. Nilipovirudisha, nikifunga mlango wangu, wa nyuma kulia unafunguka. Nikikanyaga mafuta, buti linafunguka.

Tangu hapo nina sheria moja tu ya karakana: mfumo mmoja kwa wakati mmoja, na haufunguliwi mwingine kabla huo haujarudi na kufanya kazi. Piga picha kabla ya kushika, nyingine baada ya kulegeza, nyingine kikiwa mezani. Skrubu za kila sehemu zina kopo lake la Blue Band, limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: “kitasa, mbele kushoto, ndefu mbili juu”. Yanachosha, maandishi hayo. Lakini ubongo unaoamini utakumbuka skrubu ya Machi ifikapo Agosti ni ubongo wa mgeni wa kazi hii.

“Anza na rangi, upate moyo”

Rangi inakuja mwisho. Ukipuliza kwanza, utaikwaruza mara 100 ukirudisha injini na vioo, na mbaya zaidi utakuwa umeyaficha yaleyale uliyotakiwa kuyaona. Aliyelimiliki gari langu kabla yangu aliwahi kulipeleka kwa mtu wa bodi. Nilipokwangua kona ya tao la gurudumu la nyuma, fila ilitoka kipande kizima kama ganda la dafu, na ndani yake kulikuwa na gazeti lililokunjwa kuziba tundu. Ukurasa wa michezo. Ulikuwa unasomeka.

Cha kwanza ni breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo yakikaa miaka yanaozesha silinda kwa ndani. Mipira ya breki nayo ina tabia ya hila: kwa nje mizima, kwa ndani imevimba hadi njia imebaki kama ya sindano. Ukikanyaga kwa nguvu mafuta yanapita. Ukiachia hayarudi, na gurudumu linabaki limeshikwa. Badilisha mipira yote bila huruma, ni rahisi kuliko bampa.

Halafu tairi. Zangu zilikuwa na kashata nene, zimelala kivulini, kila mtu akazisifu. Soma ubavuni herufi DOT na namba nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa namba tatu tu, tairi hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000. Zangu zilikuwa tatu.

“Maji ni maji”

Block ya M110 ni ya chuma, silinda hedi ni ya aluminiamu. Metali mbili kwenye maji matupu huanza kulana, na maji ya kisima ya Dar yenye chumvi yanaharakisha karamu. Weka kipozea maalumu kilichochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi. Hedi yangu ilipofunguliwa, njia za maji zilikuwa zimetobolewatobolewa kama jino la mtoto apendaye kashata, zile za kuliwa.

“Spea zake hazipo tena duniani”

Hii ni nusu kweli, na nusu hizo mbili zimegeuzwa. Watu wanahofia vya injini, ambavyo vipo, na hawahofii vya urembo, ambavyo ndivyo vitakavyokuliza.

Kampuni yenyewe ina kitengo cha magari ya zamani, na kituo chake cha Fellbach, karibu na Stuttgart, kilifunguliwa mwaka 1993. Spea zina namba, na namba inasema ukweli hata muuzaji asiposema: iliyobuniwa kwa ajili ya bodi hili huanza na A116, ya injini huanza na A110. Kwenye namba ya chesisi, 280SE ni 116.024. Ukiingia maduka ya spea ya Gerezani, Dar, au, kwa walioko Nairobi, Grogan, usiseme “nataka pampu ya Benzi la zamani”. Taja namba. Utaona hata bei inabadilika, maana muuzaji amejua hujaja kuokota.

Sasa tafuta ukanda wa kromu wa mlango wa nyuma usiopinda. Au kipande cha mbao ya dashibodi kisichopasuka. Hapo ndipo utakaa miezi. Kwa hiyo usitupe kitu cha zamani, hata kiwe kibovu kiasi gani, hadi kipya kiwe mkononi na kimejaribiwa kama kinaingia.

Na bampa likipauka usikubali “kupakwa kromu” siku hiyohiyo. Kromu ya kweli ni tabaka jembamba, chini ya mikroni moja, juu ya nikeli, na nikeli juu ya shaba. Anayeruka tabaka za chini anakuuzia mng’aro wa masika moja.

“Kiti cha kifahari ni cha ngozi”

Benzi nyingi za kizazi hiki zilitoka kiwandani na MB-Tex, ambayo ni vinili, au na kitambaa. Vinili hiyo imewashinda wenye ngozi: gari la miaka 40 lina kiti kizima, unakifuta kwa sabuni ya kawaida. Kinachokufa ni cha ndani. Nilipofungua kiti changu nilicheka peke yangu. Ndani ya Benzi la Wajerumani kulikuwa na nyuzi za makumbi ya nazi zilizogandishwa kwa mpira. Usumba! Fundi godoro wa jirani aliushika, akaunusa, akauliza kama Ujerumani nako kuna minazi.

“Ni uwekezaji, litapanda bei”

W116 zilitengenezwa 473,035. Linalotafutwa na wakusanyaji ni 450SEL 6.9, na hilo lilitoka 7,380 tu. Kwa 280SE, pesa utakayotia ni nyingi kuliko utakayorudishiwa sokoni. Kazi ya bodi na rangi pekee ilinigharimu mara tatu ya bei ya kununulia. Nenda nalo kwa sababu unalipenda, au uliache. Ukivutiwa na Rolls-Royce Silver Shadow kwa vile zilizochoka huuzwa bei ya kushangaza, kumbuka kwamba breki zake na usawazishaji wa mwili wake vinategemea haidroliki iliyotumia leseni ya Citroën, yenye mafuta yake maalumu yasiyochanganywa na mengine. Bei ya kushangaza inakuja baadaye.

“Makaratasi yatafuata”

Hayafuati. Magari haya mengi ni ya marehemu. Anayekuuzia anaweza kuwa mtoto wa tatu kati ya saba, na kadi ya gari bado ina jina la baba. Mtafute msimamizi wa mirathi, aweke sahihi yeye, ndipo utoe pesa. Na wa Kenya wanaodhani watashusha moja kutoka Uingereza kama gari la kawaida, wakumbuke sharti kwamba gari lisizidi umri wa miaka minane.

“Umeme wake umekufa, kata waya zote uweke mpya”

Ndivyo alivyosema fundi umeme, na koleo tayari lilikuwa mkononi. Taa za ndani, waipa, honi, kila kitu kimya. Nikaomba anipe siku moja. Fyuzi za gari hili ni za kauri, umbo la risasi ndogo, zinabanwa na vidole viwili vya shaba vilivyo wazi, na chumvi ya hewani hujenga ukungu wa kijani katikati. Nilizitoa moja moja, nikasugua ncha zake na vidole vyake kwa msasa laini, nikarudisha kila moja mahali pake. Ilikuwa saa tatu usiku. Silinda hedi ilikuwa bado iko kwa mchonga vyuma, injini imefunikwa na kanga iliyochakaa, na hakukuwa na mtu yeyote uani. Nikaunga betri. Kwenye dashibodi, mshale wa saa ukaruka kidogo, ukaanza kutembea.