Mchunguzi Hafiki Kupima Taka: Malalamishi Dhidi ya Kaunti Yanavyochunguzwa

Wakazi wengi wa Nairobi wanaoleta malalamishi kuhusu huduma za kaunti huja na picha. Picha za taka zilizofunga njia, za chemba ya maji taka inayofurika, za taa ya barabarani iliyokufa. Mimi huzipokea na kuziweka kwenye faili, maana zina kazi yake. Lakini kazi ya kuchunguza malalamishi, ambayo ndiyo ugali wangu, haianzii jalalani. Inaanzia kwenye karatasi: ofisi iliambiwa lini, aliambiwa nani, sheria ilimtaka afanye nini, na alifanya nini?

Bomba laweza kupasuka bila kosa la mtu yeyote. Likisharipotiwa, likaachwa wiki tatu, na mlalamishi asipewe hata jibu la mstari mmoja, hapo nina la kuchunguza. Sheria ya mwaka 2011 iliyounda Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi tunaiita CAJ au Ombudsman, inataja mambo ya aina hiyo hiyo: ucheleweshaji, dhuluma ya kiutawala, matumizi mabaya ya mamlaka, utovu wa adabu, uzembe. Nyuma yake kuna Kifungu cha 47 cha Katiba, kinachotaka hatua za kiutawala ziwe za haraka, za haki na zinazofuata sheria. Kifungu hicho kinaongeza kwamba mtu ambaye haki yake imeathiriwa au inaelekea kuathiriwa na hatua hiyo apewe sababu kwa maandishi. Kwa hiyo kanjo, yaani askari wa kaunti, wakibomoa kibanda cha mama mboga, sianzi kwa kuuliza kama kibanda kilistahili kuwa pale. Naanza kwa kuuliza notisi iko wapi, iliandikwa na nani, na mama alipewa nafasi gani ya kujieleza.

Kabla ya hayo yote kuna swali linalokula muda kuliko yote: hii kazi ni ya nani? Nairobi ina ofisi nyingi zinazogusa mtaa mmoja. Barabara moja ni ya kaunti, inayoikata ni ya KURA, mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini, na ile kubwa mnayotokea asubuhi ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Kampuni ya maji ni mali ya kaunti, lakini kibali na bei zake husimamiwa na WASREB, ambayo ni bodi ya kitaifa ya kudhibiti huduma za maji. Umeme wa nyumbani hausambazwi na kaunti. Kisha kuna kile kipindi cha 2020 hadi 2022, ambapo NMS, idara ya serikali ya kitaifa ya kuhudumia jiji, ilikabidhiwa kazi za City Hall, makao makuu ya kaunti, kama afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya mji. Lalamishi lililoanza wakati huo hunilazimu kutafuta karatasi pande mbili. Mkazi hana haja ya kuyajua haya yote kwa kichwa, ila ajue kwamba jibu la "hiyo si yetu" atalipata, na baadaye nitaeleza namna ya kulizuia.

Tuchukue mfano, wa kubuni lakini wa kila siku. Chemba ya maji taka imefurika nyuma ya ploti katika mtaa wa Umoja. Wakazi wamepiga simu, wameenda ofisini, wamemwambia mwakilishi wadi, wameandika kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Miezi miwili imepita. Wakija kwangu, nitawauliza wana nini mkononi. Simu? Namba ya ripoti waliyopewa ni ipi? Walienda ofisini? Waliacha barua? Nakala yao imegongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe? Mara nyingi hapo ndipo kimya kinapoingia. Watu wamelalamika kwa nguvu zote, lakini hakuna alama iliyobaki. Nakala moja yenye muhuri inanifaa kuliko video kumi, kwa sababu muhuri ndio unaoanza kuhesabu siku za ofisi.

Tuseme muhuri upo. Naandikia ofisi nikitaka maelezo, na naomba kuona daftari la malalamishi pamoja na karatasi za kazi za mafundi. Daftari husema mengi kuliko msimamizi wake. Ukiona malalamishi ya wiki nzima yameandikwa "imeshughulikiwa" kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, tena kila mstari umelala sawasawa, ujue safu hiyo ilijazwa kwa kikao kimoja, pengine siku barua yangu ilipofika. Hapo natafuta karatasi ya kazi: fundi gani alitumwa, na gari gani, akachukua kifaa gani kutoka stoo? Kazi iliyofanyika huacha nyayo stoo na kwenye kitabu cha gari. Isipoacha popote, nina jibu langu bila kubishana na mtu. Na lazima niseme upande wa pili pia: kuna wakati daftari linaonyesha fundi alifika mara tatu, chemba ikazibuliwa, na mkahawa wa jirani ukaendelea kumwaga mafuta na mabaki ya chakula ndani yake. Faili la namna hiyo nalifunga kwa kuwaeleza wakazi ukweli, hata kama hawaupendi.

Tume ina meno kiasi. Inaweza kumwita afisa afike mbele yake na kudai hati. Huduma yake ni ya bure, na lalamishi laweza kutolewa kwa mdomo, likaandikwa pale pale. Isipokuwa kesi ikishafika mahakamani, Tume hujiondoa, kwa hiyo mtu anayekimbilia kortini na kwa Ombudsman kwa wakati mmoja anajifungia mlango mmoja. Na ukiombwa kitu kidogo ili faili lisonge, hilo lipeleke EACC, tume ya kupambana na ufisadi.

Udhaifu uko mwishoni. Mwaka 2021, katika kesi kati ya Tume na bodi ya Vision 2030, ule mpango wa maendeleo wa taifa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mapendekezo ya Tume hayailazimishi ofisi ya umma kuyatekeleza. Yaani naweza kuchunguza, nikathibitisha, nikaandika ripoti, na ofisi ikaiweka kwenye droo. Ofisi nyingi hutekeleza, kwa aibu au kwa kuogopa kutajwa Bungeni, lakini kutegemea aibu ya mtu ni kazi ya kuchosha. (Uingereza, ambako uchunguzi wa malalamishi dhidi ya mabaraza ya miji umekuwapo tangu 1974, mapendekezo nayo hayana nguvu ya amri ya korti. Tofauti ni kwamba mabaraza ya huko karibu yote huyafuata.)

Ndiyo maana mimi humshauri kila mlalamishi aandike barua mbili, si moja. Ya kwanza ni lalamishi lenyewe. Ya pili ni ombi la habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Sheria hii inasimamiwa na Tume hiyo hiyo, lakini hapa amri yake ni ya aina nyingine: isipokatiwa rufaa, inaweza kusajiliwa Mahakama Kuu na kutekelezwa kama hukumu. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na raia halazimiki kueleza anataka habari ya nini. Kuliwasilisha hakuna ada, ingawa waweza kulipia gharama ya kutoa nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na saa 48 kama ni jambo la uhai au uhuru wa mtu. Na lile la "hiyo si yetu" linapata dawa yake hapa: ofisi isiyo na habari hiyo inatakiwa kulihamishia ombi kwa ofisi inayoihusu ndani ya siku 5.

Usiulize "kwa nini hamfanyi kazi", maana hilo litajibiwa kwa hotuba. Omba hati. Kwa ile chemba ya Umoja ningeandika hivi: "Naomba nakala ya kumbukumbu ya ripoti iliyopokelewa tarehe fulani kuhusu chemba iliyo mahali fulani, nakala ya karatasi za kazi zilizotolewa kwa ripoti hiyo, na ratiba ya matengenezo ya eneo hilo kwa mwaka huu wa fedha." Ombi la mistari mitatu kama hilo humlazimu afisa kufungua kabati. Akikuta halina kitu, ana siku chache za kuamua kama atakuandikia hivyo au atatuma fundi kwanza. Nimeona mara nyingi fundi akitangulia barua.

Siku 21 zikipita bila jibu, sheria inalihesabu ombi kuwa limekataliwa, na una siku 30 za kuiomba Tume ipitie suala hilo. Usingoje ziishe. Andika siku ya 22, na uambatishe nakala yako yenye muhuri.