Je, wajua kwa nini kocha humng'ang'ania straika asiyefunga?

Ufaransa ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 2018 kule Urusi, mshambuliaji wake wa kati, Olivier Giroud, alirudi nyumbani bila bao hata moja. Na si bao tu: alicheza mechi zote saba bila kupiga shuti hata moja lililolenga lango. Miaka 20 kabla yake, Stéphane Guivarc'h aliivaa namba 9 ya Ufaransa hiyohiyo, naye akatwaa kombe bila kucheka na nyavu. Kwa hesabu za kijiweni, hao ni mastraika butu. Sasa kwa nini Didier Deschamps, nahodha wa kikosi cha 1998 na kocha wa kile cha 2018, alimwanzisha Giroud mechi sita mfululizo?

Jibu liko kwenye ile moja ambayo hakumwanzisha. Dhidi ya Australia, mechi ya kwanza, Deschamps alipanga washambuliaji watatu wenye kasi: Mbappé, Griezmann na Dembélé. Mbio zilikuwepo, ila hakuna aliyekuwa akipokea mpira huku ameligeuzia lango mgongo, akaukinga kwa mwili mpaka wenzake wafike. Ufaransa ikahangaika. Dakika ya 70 Giroud akaingia. Dakika ya 81 Paul Pogba akagongeana naye pasi, akapenya, na mpira alioupiga ukambabatiza beki Aziz Behich na kuzama wavuni. Ikaisha 2-1. Kuanzia hapo Giroud hakukaa tena benchi mechi inapoanza.

Alichokuwa anafanya ni hiki: anajibanza katikati ya mabeki wawili wa kati na kuwafanya waogope kumwacha. Beki aliyeng'ang'aniwa hivyo hawezi kutoka kwenda kumsaidia mwenzake wa pembeni, na huko pembeni ndiko Mbappé alikokuwa anachoma. Mbappé na Griezmann walimaliza na mabao manne kila mmoja. Wala msidhani Giroud hajui kufunga. Amestaafu timu ya taifa mwaka 2024 akiwa mfungaji bora wa muda wote wa Ufaransa, mabao 57, mbele ya Thierry Henry mwenye 51. Mwaka 2018 alipewa kazi nyingine, akaifanya.

Kazi ya pili ya straika mchapakazi ni kukaba, na hii ina historia yake. Zamani straika aliyemkimbiza beki alikuwa anajichosha bure, maana beki alimrudishia kipa mpira, kipa akaudaka, mambo yakaisha. Mwaka 1992 sheria ikabadilika: kipa haruhusiwi kushika kwa mikono mpira aliorudishiwa makusudi kwa mguu na mwenzake. Ghafla ile mbio ikawa na faida. Mwaka 2019 ikaja nyingine iliyoruhusu mpira wa goli kiki kuchezwa ndani ya eneo la penalti, na timu nyingi zikaanza kujenga mashambulizi pale pale mbele ya lango lao. Straika akawa beki wa kwanza kwelikweli.

Lakini kukimbia tu hakutoshi, na hapa ndipo wengi tunadanganyika tukitazama mechi kwenye televisheni. Tazama kipa anapompa mpira beki wa kati wa kushoto. Straika mwenye pupa humwendea moja kwa moja. Beki anageuka, anampasia beki mwenzake wa kulia, na straika keshapitwa. Anayeijua kazi hukimbia kwa kupinda, akitokea upande wa yule beki wa kulia, ili mwili wake uzibe njia ya pasi hiyo. Beki wa kushoto sasa amebakiwa na mawili: kumpa mwenzake wa pembeni, aliyebanwa na mstari, au kubutua mbele. Akibutua, kiungo wa timu ya straika anauokota kirahisi na jina lake ndilo linaloandikwa kwenye takwimu. Straika hapati chochote, isipokuwa jicho la kocha.

Ukitaka kuona maisha ya mtu wa aina hiyo yanavyokwenda, mfuate Dirk Kuyt wa Uholanzi. Alianza kama mfungaji hasa: misimu mitatu katika klabu ya Feyenoord, mabao 71 ya ligi. Mwaka 2006 akaenda Liverpool, na mwaka uliofuata akaletwa straika mwingine, Fernando Torres. Straika wengi hapo hununa na kuomba kuondoka. Kuyt alisogezwa winga ya kulia, akawa anapanda kushambulia na kushuka kumsaidia beki wake, na akadumu pale hadi 2012.

Mabao hayakumkimbia. Machi 2011 aliifunga Manchester United matatu katika ushindi wa 3-1, na yote aliyapachika kutoka mita chache tu. La tatu ndilo linalomweleza zaidi: Luis Suárez alipiga faulo, kipa Edwin van der Sar akautema mpira, na aliyekuwa ameufuata ni Kuyt. Watu husema bao la namna ile ni la bahati. Mimi naona bahati hiyo humwangukia mara nyingi mno anayefuata kila shuti, hata yale tisa kati ya kumi yasiyotemwa.

Kwenye Kombe la Dunia la 2014 kocha Louis van Gaal alimshusha tena, akamfanya beki wa pembeni. Dhidi ya Mexico, mechi yake ya 100 kwa taifa, alianza kushoto, akahamia kulia, akamalizia mbele. Mtu aliyekuwa mfungaji bora wa ligi ya nchi yake akiwa na mabao 29 mwaka 2005, sasa anakaba mawinga akiwa na miaka 33!

Miguu hiyo ina gharama, na si kila kocha anajua kuitumia. Straika akikimbizwa sana pembeni, hufika kwenye boksi akihema, na shuti la mtu anayehema hupaa. Ndiyo maana timu zenye mchapakazi mbele huhitaji wafungaji wengine kandokando yake. Bila Mbappé na Griezmann, Giroud wa 2018 angekuwa mzigo.

Kuyt alirudi Feyenoord mwaka 2015. Mei 14, 2017, siku ya mwisho ya msimu, Feyenoord ilihitaji kuifunga Heracles ili itwae ubingwa wake wa kwanza tangu 1999. Kuyt, mwenye miaka 36, alitikisa nyavu dakika ya kwanza, akaongeza la pili, kisha akafunga penalti. Ikawa 3-1. Siku chache baadaye akatangaza kustaafu.