Nuru mbili za konyeza mmoja

Kila muhula nazima taa za maabara, nawasha ile ya urujuanimno, na sahani ya bakteria inageuka kijani kibichi mbele ya wanafunzi. Swali la kwanza huwa lile lile: "Mwalimu, kumbe wanawaka wenyewe?" Hawawaki. Nikizima taa, giza. Protini ya kijani iliyomo ndani yao, inayoandikwa kwa kifupi GFP, haitengenezi mwanga. Inaupokea mwanga wa urujuanimno au wa samawati, kisha inaurudisha ukiwa wa kijani. Inayowaka yenyewe ni nduguye, ekworini. Zote mbili zimetoka kwa konyeza mmoja (wengine humwita yavuyavu), Aequorea victoria, wa Bahari ya Pasifiki. Leo nataka kuisemea ekworini, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikitafutwa.

Mwaka 1961 mkemia wa Kijapani Osamu Shimomura alifika Friday Harbor, jimbo la Washington, pamoja na Frank Johnson wa Chuo Kikuu cha Princeton. Konyeza walikuwa tele majini, wakachotwa mmoja mmoja kwa nyavu za mpini. Konyeza huyu huwaka ukingoni tu mwa mwavuli wake, kwa hiyo kilichokatwa ni ule ukingo, ukakamuliwa kwenye kitambaa. Shida ni kwamba majimaji yaliyokamuliwa yaliendelea kuwaka mpaka nguvu zikaisha, na kitu kilichokwisha huwezi kukichunguza. Ilibidi kwanza mwanga uzimwe bila kuharibiwa.

Shimomura alilipata jibu akiwa peke yake ndani ya mashua ndogo: ikiwa chanzo cha mwanga ni protini, basi asidi itaweza kuituliza. Akarudi, akatia asidi, mwanga ukazimika. Akaipunguza asidi, ukarudi kwa unyonge. Jioni akamwaga mabaki kwenye sinki, na sinki lote likalipuka kwa mwanga wa samawati. Maji ya bahari kutoka kwenye matangi ya samaki yalikuwa yakimwagikia humo. Kilichomo ndani ya maji ya bahari na kuiamsha protini hiyo ni kalsiamu.

Mimi naona kisa cha sinki kina uzito kuliko sifa zote zilizofuata. Kalsiamu iliyo huru ndani ya seli tulivu ni kidogo mno. Maji ya bahari yana takriban mara 100,000 zaidi. Seli huitumia tofauti hiyo kupeleka ujumbe: msuli kukunjamana, neva kuachilia kemikali zake, yai kutambua kwamba limerutubishwa. Ukiwa na protini inayowaka ikiguswa na kalsiamu, unaweza kuuona ujumbe wenyewe ukipita. Mwaka 1967 watafiti Ridgway na Ashley waliidunga ekworini ndani ya uzi mnene wa msuli wa mnyama mmoja wa gamba, wale wanaoganda kwenye miamba na chini ya vyombo. Walipoushtua msuli kwa umeme, mwanga ulitoka kwanza, nguvu ya mkunjo ikafuata. Miaka kumi baadaye yai la samaki medaka lilionyesha wimbi la kalsiamu likienea kutoka pale mbegu ilipoingilia.

Ekworini ina kasoro yake. Hubeba ndani yake kiini kidogo kiitwacho kolenterazini, na kila molekuli huwaka mara moja tu. Ili iwake tena lazima ipewe kiini kipya.

GFP haidai chochote cha namna hiyo. Katika makala ya 1962 kuhusu ekworini ilitajwa pembeni tu, kama protini nyingine iliyoonekana ya kijani wakati wa usafishaji. Uzuri wake ni kwamba asidi amino zake tatu (yaani vipande vinavyoijenga protini), kati ya 238, hujifunga zenyewe na kuwa kitovu cha rangi. Zinahitaji oksijeni tu. Kwa hiyo ukiwa na jeni peke yake, inatosha. Douglas Prasher aliitoa jeni hiyo mwaka 1992, na 1994 Martin Chalfie akaonyesha kwamba bakteria na minyoo waliopewa jeni hiyo hung'aa. Roger Tsien akaiboresha na kuipa rangi nyingine. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2008 ilikwenda kwa Shimomura, Chalfie na Tsien.

Mfano ninaoupenda kuueleza ni wa malaria. Kimelea Plasmodium berghei kiligunduliwa Katanga, Kongo, mwaka 1948, na kinaambukiza panya. Kilipopandikizwa jeni ya GFP, watafiti waliweza kukifuatilia kikiwa hai: mbu akishauma, vimelea hujikokota ndani ya ngozi kwanza wakitafuta mishipa ya damu. Kumbe ngozi nayo ni kituo katika safari yao, na hapo ndipo kinga inaweza kuwawahi.

Ila naomba vijana wawe waangalifu. Mwanafunzi wangu mmoja alinijia akiwa na furaha tele, seli zake zote za kijani. Nikamwomba alete zile ambazo hazikupewa jeni. Nazo za kijani! Seli zinazokufa hung'aa zenyewe chini ya taa ile, na bila sampuli ya kulinganisha hujui unachokitazama. Tulirudia kazi ya wiki sita.

Siku hizi anayetaka kuona kalsiamu kwenye ubongo wa panya mara nyingi hatumii ekworini. Hutumia GCaMP, iliyotengenezwa na Junichi Nakai na wenzake mwaka 2001: GFP iliyokatwa na kuunganishwa na protini inayoshika kalsiamu, hivi kwamba kijani huongezeka neva inapofanya kazi. Kazi ya ekworini sasa inafanywa na nduguye. Ndani ya konyeza mwenyewe zilikuwa zikifanya kazi pamoja tangu mwanzo: ekworini hushikwa na kalsiamu, hukabidhi nguvu yake ya samawati kwa GFP, na ukingo wa mwavuli huwaka kijani.