LC50 ya samaki: namba inayosomwa vibaya

Ripoti ya kemikali ikiandika "LC50 ya saa 96 kwa samaki: miligramu 5 kwa lita", wengi husoma kwamba chini ya 5 samaki hawana shida. Hii ndiyo dhana potofu iliyozoeleka kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo mbaya zaidi. LC50 ni ukolezi (kiasi cha kemikali katika maji) unaokadiriwa kuua nusu ya samaki waliojaribiwa ndani ya muda uliotajwa. Kwenye 3 au 2 huenda bado wapo wanaokufa, na waliobaki wakawa wanaogelea kiubavu au wanatweta juu ya maji. Ndiyo maana mwongozo namba 203 wa OECD (shirika la nchi kadhaa linalotoa miongozo ya kupima kemikali), unaotumika katika nchi nyingi, uliporekebishwa mwaka 2019 ulitilia mkazo kuandika dalili hizo pamoja na vifo. Tena siku nne hazisemi lolote kuhusu kuzaa, kukua, wala sumu inayojilimbikiza mwilini taratibu.

Wengine hugeuza namba yenyewe, wakidhani iliyo kubwa ndiyo sumu kali. Ni kinyume chake. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali, zenye LC50 ya miligramu 1 kwa lita au chini yake ndizo huwekwa daraja la kwanza la hatari ya muda mfupi kwa viumbe wa majini.

"Si unamimina dawa kwenye tangi, unahesabu waliokufa?" Hapana. Kwa kawaida huandaliwa angalau viwango vitano vya ukolezi, kila kimoja kisizidi mara 2.2 ya kile kilicho chini yake, na kila tangi liwe na samaki wasiopungua saba. Pembeni huwapo tangi la ulinganisho lisilo na kemikali. Humo wakifa zaidi ya asilimia 10, jaribio zima halikubaliki, kwani huwezi kujua kilichoua ni kemikali au ni utunzaji mbovu. Oksijeni nayo isishuke chini ya asilimia 60 ya kiasi ambacho maji yanaweza kushika. Samaki hawalishwi, maana chakula na kinyesi hula oksijeni na kunasa sehemu ya kemikali.

Kuna jambo ambalo hata wanaojua maabara hulisahau: kiasi ulichopima kwenye mizani si lazima kiwe ndicho kilichomo majini. Kemikali nyingine hupaa hewani, nyingine huganda kwenye kioo, nyingine huvunjika kwa mwanga. Kwa hiyo maji yenyewe hupimwa, na tofauti ikizidi asilimia 20, hesabu hufanywa kwa kiasi kilichopimwa majini. Bila hivyo kemikali iliyotoweka itaonekana mpole.

Je, LC50 ni sifa ya kudumu ya kemikali, kama kiwango chake cha kuchemka? Wanaoamini hivyo waangalie shaba. Katika maji laini huua kwa kiasi kidogo kuliko katika maji magumu (yenye kalsiamu nyingi), kwa kuwa kalsiamu hushindana nayo kwenye matamvua. Amonia nayo huwa kali zaidi pH (kipimo cha uasidi wa maji) inapopanda, yaani maji yanapopungua uasidi, kwani sehemu kubwa zaidi hugeuka kuwa umbo linalopenya matamvua kwa urahisi. Weka juu ya hayo joto la maji, umri na aina ya samaki. Namba isiyoandamana na masharti hayo mimi siiamini.

Na samaki kunusurika hakumaanishi ziwa limenusurika. Viua wadudu vya jamii ya pairethroidi vinaweza kuangamiza gegereka wadogo (jamii ya kamba na kaa) kwa kiasi ambacho samaki wengi wangekistahimili. Ndiyo sababu vipimo vya dafnia, ambaye ni gegereka mdogo sana, na vya mwani hufanywa sambamba.

Wapo pia wanaodhani kila jibu lazima ligharimu samaki wengi. Mara nyingine kiwango kimoja cha miligramu 100 kwa lita hutosha: asipokufa hata mmoja, LC50 huandikwa kuwa zaidi ya 100. Tangu 2013 upo mwongozo wa OECD wa kutumia viinitete (samaki wanaoanza kukua ndani ya yai) vya Danio rerio, samaki mdogo wa maabara, na wa mwaka 2021 hutumia seli za matamvua ya trauti. Hata hivyo, ganda la yai la samaki huzuia molekuli kubwa kupenya, hivyo kwa baadhi ya kemikali kiinitete kinaweza kuonekana salama kwa sababu tu sumu haijakifikia.