Je, wajua kwa nini sebene, ile sehemu ya kuchezeka ya rumba ya Kongo, likianza tu mwili unasisimka?

Waangalie watu harusini rumba ya Kongo ikipigwa. Mwanzoni wametulia kwenye viti, waimbaji wanabembeleza taratibu dakika 3, 4, afu gitaa la solo linachomoza, drams zinachangamka, atalaku, yule mpiga kelele wa kuchochea wachezaji, anaanza kuita, na hapo hapo ukumbi mzima umesimama, mpaka wazee. Kwa nini pale na sio mwanzo?

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waliwaambia watu walete nyimbo zao wenyewe, zile zinazowasimamisha vinyweleo, wakawapima ubongo huku wanasikiliza. Wakakuta inamwagika dopamini, kemikali ile ile inayohusika mtu akila kitu kitamu. Ila kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba inaanza kumwagika KABLA utamu haujafika, sehemu moja ya ubongo, na utamu ukifika inamwagika sehemu nyingine. Yaani ile hamu ya kusubiri nayo ni raha kabisa!

Sasa rumba imejengwa juu ya kusubiri. Gwiji wa rumba Franco na bendi yake OK Jazz walijua sana kukuweka hapo, na Zaiko Langa Langa, bendi iliyoanza Kinshasa 1969, mwanzoni mwa miaka ya 80 wakaleta atalaku wa kuchochea moto zaidi. Sikiliza gitaa lenyewe, linazunguka kipande kile kile, kile kile, ubongo ushakikariri unajua kinachofuata, afu mpigaji anageuza noti moja mbili tu na wewe huyo umeshapagawa. Ndo maana pia wimbo uliouzoea unakupandisha mzuka kuliko mpya, maana huwezi kusubiri usichokijua.

Singeli, ule muziki wa kasi wa Dar, haikusubirishi hata kidogo, biti zinapita 200 kwa dakika toka mwanzo. Pale raha inatoka zaidi kwenye mwili, na kwenye kucheza pamoja, kwa sababu watafiti wa Oxford waliona watu wakicheza kwa mpigo mmoja wanavumilia maumivu zaidi, dalili kwamba mwili unatoa endofini, kemikali yake ya kutuliza maumivu. Taarab ni maneno bana, mstari ukimgusa mtu anainuka kwenda kutunza.

Na wapo wasiosikia raha yoyote kwenye muziki. Utafiti wa Barcelona wa 2014 ulikuta watu wazima wa afya, masikio mazima, wakishinda hela wanafurahi kama wengine, ila muziki hauwagusi kabisa.