Mori Mkali Haumpi Mchezaji Uamuzi Bora

Kila ninapokutana na makocha wa timu za vijana hurudia kusikia kwamba mchezaji aliyepandishwa mori hadi akatetemeka ndiye atakayecheza vizuri. Kwa imani hiyo, kijana wa miaka 16 hufokewa katika chumba cha kubadilishia nguo na kuambiwa kuwa mechi ni ya kufa na kupona, kisha dakika chache baadaye kocha yuleyule humlaumu kwa kupiga shuti la mbali ilhali winga wake alikuwa peke yake, hana beki.

Kijana huyo hakumdharau winga, hakumwona. Msisimko husaidia hadi kiwango fulani, na kiwango hicho hushuka kadiri kazi inavyokuwa ngumu, jambo ambalo wanasaikolojia Yerkes na Dodson walilibaini mwaka 1908 walipowafundisha panya kwa shoti za umeme. Mwaka 1959 mwanasaikolojia Easterbrook alieleza sababu yake: msisimko unapopanda, upeo wa umakini husinyaa. Mwanzoni mchezaji hupoteza yasiyo na maana, kama vile makelele ya jukwaani, na hiyo ni faida. Ukizidi kupanda, huanza kupoteza yale anayoyahitaji, yaani beki wa pili anayekuja kuziba, kipa aliyesogea mbele, mwenzake aliye upande wa pili. Mtazame kiungo anayepokea mpira akiwa amelipa mgongo goli la wapinzani: aliyetulia hugeuza shingo mara moja au mbili kabla mpira haujamfikia, lakini aliyejaa munkari huukodolea macho mpira tu, na akigeuka anakutana na mguu wa mpinzani. Beki wa kati anayekwenda kugombea mpira wa juu anaweza kuhimili mori mwingi kuliko huyo kiungo, kwa hiyo kuwachochea wote kumi na mmoja kwa hotuba moja ni kosa la kitaalamu. Wapeni maelekezo mawili yanayotekelezeka, kisha waacheni wavute pumzi na kuitoa polepole. Ninalisisitiza hili kila mara kwa kuwa halina gharama.

Wapo pia wanaoamini kwamba mapigo ya moyo yakishapanda, akili huzimika. Katika miaka ya 1990 watafiti McMorris na Graydon waliwaonyesha wanasoka wenye uzoefu picha za hali za mchezo huku wakiendesha baiskeli ya mazoezi, wakaona kwamba jitihada kali iliongeza kasi ya kuamua bila kupunguza usahihi. Makosa ya dakika ya 80 yana vyanzo vingine: uchovu uliolimbikizana, upungufu wa maji, na glaikojeni, yaani akiba ya nishati, inayopungua kwenye misuli, ambayo humfanya mchezaji achelewe kufika mahali ambapo pasi sahihi ingewezekana. Kumwita mchezaji wa namna hiyo mvivu wa kufikiri ni kumwonea. Uchovu wa akili nao hudhuru maamuzi, hata kama miguu ni mizima, na kwa sababu hiyo siungi mkono vikao virefu vya mbinu saa chache kabla ya mechi.

Na wanaodai kuwa penalti ni bahati tupu wamkumbuke mshambuliaji wa Ghana, Asamoah Gyan, kwenye Kombe la Dunia jijini Johannesburg, tarehe 2 Julai 2010. Katika sekunde za mwisho za muda wa nyongeza dhidi ya Uruguay, mkwaju wake wa penalti uligonga mtambaa wa panya. Dakika chache baadaye, mwili ukiwa na uchovu uleule, katika penalti za kuamua mshindi, aliipigia Ghana mkwaju wa kwanza na kufunga. Kurejesha utulivu kwa haraka hivyo ni ustadi, na ustadi hufundishika, ila si kwa penalti zinazopigwa mwanzoni mwa mazoezi, miguu ikiwa haijachoka. Ziwekwe mwishoni, baada ya mbio kali, na kila mpigaji atembee peke yake kutoka katikati ya uwanja huku wenzake wote wakimtazama.